Michezo ya zamani ya redio hainogi masikioni mwangu: nakosea wapi?

SWALI: Nimepakua mamia ya michezo ya redio ya Marekani ya miaka ya 1930 hadi 1950, maana wanaoipenda wanaisifu kupita kiasi. Kila nikijaribu, sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya kisima, dakika ya kumi nimeshapoteza kisa, na vichekesho vyao havinichekeshi. Nilianza na ule mchezo maarufu wa wavamizi kutoka Mirihi, nikachoka njiani. Nakosea wapi, na nianzie wapi?

JIBU: Ndugu, umeanza na mchezo usiofaa kuanzia, na yumkini ulicho nacho ni nakala mbovu. Hayo mawili yakirekebishwa, tatizo la dakika ya kumi huondoka kwa sehemu kubwa. Nianze na nakala, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi wa michezo hii wanapokata tamaa wakidhani kosa ni la utunzi au la masikio yao, kumbe kosa ni la faili.

Kinachonogesha mchezo wa redio ni nafasi: nani yuko karibu, nani amesimama mlangoni, chumba ni kikubwa au kidogo, nje kuna nini. Maneno hata ukiyasoma kwenye karatasi utayaelewa. Nafasi huipati ila kwa kusikia. Na nafasi ndiyo inayokufa kwanza nakala inapochakaa. Ukisikia maneno yote lakini hujui wahusika wako wapi, akili itaanza kutangatanga tu, hata uwe makini vipi.

Ujue basi sauti hiyo imekufikiaje. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, mitandao mikubwa ya redio ya Marekani, NBC na CBS, ilikataa kurusha vipindi vilivyorekodiwa. Mchezo uliigizwa moja kwa moja, na mara nyingi waigizaji walewale walirudi studio saa tatu baadaye kuuigiza upya kwa ajili ya pwani ya Pasifiki, ambako saa ziko nyuma. Msimamo ulikuwa mkali kiasi kwamba Mei 1937, NBC iliporusha maelezo yaliyorekodiwa ya ajali ya Hindenburg, meli ya angani ya Kijerumani, ililazimika kuvunja kanuni yake yenyewe. Rekodi tulizo nazo zilitengenezwa kwa sababu za pembeni: mdhamini alitaka kusikia alicholipia, wakala wa matangazo alitaka kumbukumbu, mwigizaji alitaka nakala yake. Zilikatwa kwenye santuri pana za inchi 16, za alumini iliyopakwa laka, zikizunguka mara 33⅓ kwa dakika. Upande mmoja ulibeba kama dakika 15. Ndiyo maana katika mchezo wa nusu saa, karibu na katikati, mara nyingine utasikia sauti ikibadilika ghafla, mikwaruzo ikiongezeka au kupungua: hapo ndipo upande mmoja ulipokwisha na mwingine kuanza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alumini ilikuwa na kazi nyingine, santuri zikatengenezwa kwa kioo. Ikidondoka, ndiyo basi tena.

Vita hiyohiyo ilituachia pia akiba kubwa. Kuanzia 1942 idara ya redio ya majeshi ya Marekani, AFRS, ilizalisha santuri za vipindi maarufu kwa ajili ya wanajeshi walio ng'ambo, ikiondoa matangazo ya biashara na kujaza mapengo kwa muziki. Kwa hiyo ukikuta mchezo usio na tangazo hata moja, wenye muziki mrefu usioelewa unatoka wapi mwishoni, faili halijaharibika. Ni nakala ya AFRS. Nyingi zinasikika vizuri kuliko nakala za mtandao wa redio wenyewe. Hasara yake ni kwamba kidirisha cha enzi zile, yaani mdhamini na mbwembwe zake, kimefungwa.

Mlango wa kurekodi ulifunguliwa na mwimbaji Bing Crosby. Mwaka 1946 alihamia mtandao mwingine, ABC, kwa sharti la kurekodi kipindi chake mapema, na mwaka uliofuata akaanza kutumia kanda ya sumaku. Wengine wakafuata. Matokeo kwako ni haya: kwa kawaida, mchezo wa kuanzia 1948 hivi una nafasi kubwa zaidi ya kuwa na sauti safi kuliko wa 1938. Si kwamba ya awali ni mibaya. Ni kwamba masikio mapya yasipewe kazi mbili kwa mpigo, kujifunza sanaa na kupambana na kelele.

Baada ya santuri kukaja wakusanyaji. Walibadilishana kanda za rili kwa miaka mingi, kila mmoja akinakili kutoka kwa mwenzake, kila mashine ikiwa na kasi yake, kisha kaseti, kisha MP3 za enzi ambazo intaneti ilikuwa ya kubanabana. Kila hatua ilikula kidogo. Faili ulilopakua linaweza kuwa nakala ya kizazi cha sita, na faili jingine la mchezo uleule likawa la kizazi cha pili. Kwa hiyo usihukumu mchezo kwa nakala moja. Kwenye Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, mchezo mmoja mara nyingi upo mara nne au tano. Pakua zote, sikiliza dakika mbili za kila moja, bakisha iliyo bora. Mikusanyo iliyoandaliwa na kundi la Old Time Radio Researchers ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa wao huhakiki tarehe, vichwa na nakala kabla ya kutoa mkusanyo. Na ukikuta mchezo mmoja una matoleo mawili ya usiku uleule, moja likiitwa la mashariki na jingine la magharibi, hayo ndiyo maigizo mawili niliyoyataja. Si nakala mbili za kitu kimoja. Yanaweza kutofautiana hata katika kukosea.

Vipimo vya kuangalia faili ni vichache na havichukui dakika tano.

Angalia ukubwa. Nusu saa ya MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde ina megabaiti 14 hivi. Ya kilobiti 32 ina 7. Ya 128 ina 28. Kwa sauti ya njia moja (mono), 64 inatosha kabisa. Chini ya hapo jihadhari. Lakini ukubwa unadanganya: kuna watu wamechukua faili la 32 wakaliandika upya kuwa 128, na kilichopotea hakirudi. Sikiliza herufi S na makofi ya watazamaji. Vikitoka na mchemko wa majimaji, faili limebanwa mno zamani, tupa. Mvumo wa kawaida wa "shhh" usiobadilika si tatizo, sikio litauzoea kwa dakika tatu. Mchemko haliuzoei.

Angalia urefu. Kipindi kamili cha nusu saa cha mtandao kilikuwa kama dakika 29 na sekunde 30, sekunde zilizobaki zikiachiwa kituo kujitambulisha. Ukiona 28 na ushee, ama kimekatwa ama kinakwenda kasi kupita ilivyotakiwa.

Kasi ndiyo kasoro inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayochosha bila msikilizaji kujua kwa nini. Sauti iliyopanda kwa asilimia tano haisikiki kama katuni. Inasikika kama watu wenye wasiwasi, wembamba kidogo, wanaoharakisha. Kwa vipindi vya NBC una rula ya bure: kengele tatu za kituo mwishoni, noti G, E na C, ambazo zilipigwa na mashine, si kwa mkono. Masafa yake ni takriban hezi 196, 330 na 262. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, chagua ile noti ya mwisho inayoning'inia, walau nusu sekunde, fungua kichora spektra (Plot Spectrum), weka ukubwa 16384, kisha soma kilele. Ukikuta 523 badala ya 262, umesoma mwangwi wa noti ya juu yake. Gawanya kwa mbili. Ukikuta 275, faili linakwenda kasi kwa karibu asilimia 5. Linganisha na urefu: dakika 29 na sekunde 30 zikikimbizwa kiasi hicho zinakuwa 28 na sekunde 6. Vipimo viwili vikikubaliana, punguza kasi kwa asilimia 4.7 na kazi imekwisha. Tumia kipengele kinachobadili kasi na noti kwa pamoja. Vile vinavyobadili kimoja na kuacha kingine vinaacha michubuko kwenye sauti. Kuna wanaopima kwa mvumo wa umeme wa hezi 60. Mimi siushauri, maana mvumo unaweza kuwa uliingia siku ya kunakili na si siku ya kurusha, na hapo utakuwa umepima mashine ya mkusanyaji.

CBS haikuwa na kengele hizo. Huko ulinganishe na kipindi kingine cha mtangazaji yuleyule, ufunguzi uleule wa muziki, kutoka nakala unayoiamini.

Kusafisha: kidogo, na kwa mpangilio. Hifadhi faili asilia pembeni kwanza. Rekebisha kasi, kisha ondoa mibofyo ya mikwaruzo, kisha kata masafa ya chini ya hezi 70 ambako kuna ngurumo ya meza ya santuri tu, kisha ndipo ufikirie kupunguza mvumo. Chagua sekunde moja au mbili zenye mvumo mtupu, mpe Audacity azitambue, halafu punguza desibeli 6, zisizidi 8. Wengi huvuta hadi 18 au 20 wakifurahia ukimya, na wanachokiua ni mkia wa sauti: ule mwangwi mdogo unaobaki baada ya mlango kufungwa, unaosema chumba ni cha mbao au cha mawe. Ukisikia mlio wa ndege wadogo nyuma ya maneno, umezidisha. Upande wa juu, nyaya za simu zilizobeba vipindi kutoka mji hadi mji zilipitisha hadi hezi 5,000 hivi, hivyo mara nyingi juu ya 7,000 hakuna kitu ila kelele na unaweza kukata. Sikiliza kwanza lakini. Rekodi iliyokatwa studio moja kwa moja inaweza kuwa na zaidi.

Kuna kosa moja la kiufundi linalotengeneza hasa ile sauti ya kisimani unayoilalamikia. Rekodi zote hizi ni za njia moja, ila zimenakiliwa kwenye mashine za stereo, na njia ya kushoto na ya kulia zinaweza kupishana kwa sehemu ndogo ya sekunde kwa sababu kichwa cha kaseti kilikaa upande. Spika moja inapozichanganya, masafa ya juu yanafutana. Usizichanganye. Zitenganishe, sikiliza kila moja peke yake, bakisha iliyo safi, futa nyingine. Mara nyingi hili pekee hurudisha uhai kuliko usafishaji wote.

Sasa usikilizaji wenyewe. Spika moja, si mbili, umbali wa mita moja hadi mbili, kwenye usawa wa kichwa. Spika ndogo ya kawaida inafaa kuliko kubwa yenye besi nzito, na kama ina kitufe cha kuongeza besi, kizime. Sauti iwe ya mtu anayezungumza nawe chumbani. Ukipandisha zaidi unapandisha kelele, si maana. Hedifoni si mbaya, ila sauti ya njia moja hukaa katikati ya kichwa na kuchosha, nayo inafichua kila mkwaruzo. Punguza taa. Mikono iwe na kazi isiyohitaji maneno: kukunja nguo, kushona, kupiga pasi. Usisome, usishike simu. Macho yanayosoma yanaiba sehemu ileile ya akili inayosikiliza.

Na usiharakishe uchezaji. Kasi ya 1.25 inafaa mazungumzo ya habari. Hapa kimya kimeandikwa kwenye muswada, na mtu aliyefundishwa kazi alikipima.

Dakika mbili za kwanza zina thamani ya kumi zinazofuata. Mwandishi wa redio hakuwa na sura za kukuonyesha, kwa hiyo hapo mwanzo anakupa majina, mahali na saa, na kwa kawaida sauti zisizozidi nne zinazotofautiana kwa makusudi: nzito, nyembamba, mzee, mgeni. Ukizikosa, hutashika tena. Simamisha, rudi mwanzo, hakuna aibu. Kama Kiingereza cha Marekani cha wakati huo kinakukimbia, anza na Dragnet ya Jack Webb, iliyoanza NBC mwaka 1949: watu wanasema maneno makavu, mafupi, mmoja baada ya mwingine, na hatua za upelelezi zinafuatana bila kuruka.

Halafu zoeza sikio kufuata umbali. Maikrofoni iliyotawala studio zile, RCA 44 ya utepe, husikia mbele na nyuma na ni kiziwi pembeni. Mwigizaji aliyetakiwa "kuondoka chumbani" hakuenda popote. Alisogea hatua moja kuelekea upande wa ukiziwi na sauti yake ikafifia ikabaki na mwangwi. Aliyenong'ona alikaribia hadi pumzi yake ikasikika. Watu wa milio walikuwa na meza yao na maikrofoni yao: vifuu vya nazi kwa kwato, wanga kwenye mfuko kwa hatua za thelujini, karatasi ya selofani ikifinyangwa kwa moto, bati kubwa likitikiswa kwa radi. Ukishajua hilo, kila tukio linakuwa na ramani.

Mfano wa kuuchambua polepole ni "Sorry, Wrong Number" wa Lucille Fletcher, uliorushwa kwenye mfululizo wa Suspense wa CBS tarehe 25 Mei 1943, Agnes Moorehead akiigiza. Mwanamke mgonjwa yuko kitandani peke yake usiku, anajaribu kumpata mumewe kwa simu. Laini zinapishana, anawasikia wanaume wawili wakipanga kumuua mwanamke saa tano na robo usiku, wakati treni ikipita darajani ili mlio wake umeze ukelele. Sasa sikiliza ilivyojengwa. Sauti ya mwanamke ni pana, ya karibu, yenye pumzi. Wengine wote, opereta, polisi, mtu wa hospitali, wamepitishwa kwenye kichujio kilichowakata chini na juu, wakabaki wembamba wa simu. Hakuna aliyekwambia uko wapi, lakini masikio yako yako kitandani pamoja naye, na dunia nzima iko upande wa pili wa waya. Kila akizungusha namba unasikia diski ya simu ikirudi, na kurudi kwake kunachukua muda, na muda ndio anaoukosa. Moorehead anamwanzisha akiwa msumbufu asiyependeka, anayewagombeza maopereta. Polepole ugomvi unageuka woga, na wewe uliyemchukia dakika ya tano huwezi kujitoa dakika ya ishirini. Mwisho sisemi.

Mchezo huo ni kipimo kizuri cha nakala pia. Kama mwanamke na opereta wanasikika sawa, wote wembamba au wote wazito, faili lako limekula tofauti ambayo mchezo mzima umesimama juu yake. Tafuta jingine. Bahati nzuri Moorehead aliurudia mara kadhaa kwenye Suspense hadi 1960, na zile za baadaye kwa kawaida zina sauti safi kuliko ya kwanza.

Ukishamaliza huo, nenda Gunsmoke, CBS, 1952 hadi 1961, William Conrad akiwa Matt Dillon. Kwa maoni yangu ndiyo kilele cha ufundi wa sauti wa Marekani, na si lazima upende hadithi za magharibi ya porini. Mwongozaji Norman Macdonnell aliwapa watu wa milio muda ambao wengine waliwanyima. Dillon akivuka barabara, anavuka kweli: vumbi, kisha ubao wa kibaraza, njumu kwenye buti, mbwa kwa mbali, mlango, na ndipo mtu anasema neno. Sekunde kumi bila mazungumzo, na hakuna msimulizi wa kukuambia amefika. Nakala zilizosafishwa kupita kiasi zina kiza mahali hapo. Ndiyo maana nilikuomba uguse kidogo.

Mingine ya mwanzo, kwa ufupi. Escape, CBS, 1947 hadi 1954: visa vya mtu aliyenaswa mahali, nusu saa bila mapumziko ya akili, chukua "Three Skeleton Key" wa 1950 wenye Vincent Price, walinzi wa mnara wa taa wamezingirwa na panya. X Minus One, NBC, 1955 hadi 1958, kwa anayependa hadithi za kisayansi. Yours Truly, Johnny Dollar kuanzia Oktoba 1955, Bob Bailey alipoingia: kwa mwaka mmoja hivi kila kisa kiligawanywa sehemu tano za robo saa, jioni tano za wiki, na msimulizi ni mpelelezi wa bima anayesoma orodha ya gharama zake. Sikiliza sehemu moja kwa siku kama ilivyokusudiwa. Huo pamoja na Suspense ndiyo iliyofunga pazia la michezo ya enzi hiyo ya CBS tarehe 30 Septemba 1962. CBS Radio Mystery Theater ya 1974 hadi 1982 ina sauti safi kuliko zote na vipindi 1,399, lakini wingi huo unasikika; iweke akiba.

Usisikilize zaidi ya miwili kwa mkao mmoja. Waigizaji wa redio wa Los Angeles walikuwa kundi dogo waliozunguka vipindi vyote, Conrad mwenyewe utamkuta kila kona, na ukifuatisha mitano sauti zinaanza kuchanganyika: jana alikuwa muuaji, leo daktari, na akili inakataa. Zaidi ya hayo, kipindi cha kila wiki kilikuwa na fomula. Ikirudi baada ya siku saba inafurahisha, ikirudi baada ya dakika saba inaudhi.

Vichekesho havikuchekeshi kwa sababu havikuundwa kumchekesha mgeni. Jack Benny, aliyekuwa hewani 1932 hadi 1955, alijenga mhusika bahili kwa miaka, na kicheko kikubwa kinatokana na kimya chake kabla ya kujibu jambo ambalo tayari unajua atalijibuje. Asiyemjua anasikia kimya tu. Sikiliza vipindi vinne au vitano mfululizo vya msimu mmoja, kwa tarehe, ndipo uamue. Fibber McGee and Molly umejaa michezo ya maneno, mwachie aliyezoea. Na vipo vitakavyokukera kwa haki: Amos 'n' Andy, iliyoanza 1928 na kupata umaarufu mkubwa ajabu, iliigizwa na wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, wakijifanya watu weusi. Ni historia, ijulikane. Hulazimiki kuifanya burudani yako.

Ule wa wavamizi wa Mirihi, "The War of the Worlds" wa Orson Welles, 30 Oktoba 1938, ni mzuri ila una masharti. Sehemu yake ya kwanza, karibu dakika 40, inaiga redio ya 1938: muziki wa dansi unaokatizwa na taarifa, unarudi, unakatizwa tena. Nguvu yake iko kwenye kumfahamu anayeigwa. Asiyewahi kusikia matangazo ya kweli ya mwaka ule anasubiri mchezo uanze wakati umeshaanza. Baada ya mapumziko unageuka masimulizi ya kawaida ya mtu mmoja, na hapo hata wapenzi wake hupoa. Nadhani ndipo ulipochokea. Urudie baadaye, ukiwa umesikiliza kwanza nusu saa ya muziki wa dansi na taarifa halisi za enzi hiyo, na upuuze simulizi za taifa zima kukimbilia barabarani. Magazeti yalizitia chumvi sana.

Ukivuka kwenda Uingereza, BBC ina njia yake, yenye maneno mengi na milio michache. Mchezo wa Richard Hughes wa Januari 1924, wa kwanza kuandikwa mahsusi kwa redio huko, uliwaweka wahusika ndani ya mgodi uliozimika taa, ili msikilizaji na mhusika wawe gizani pamoja. Kwa kuanzia huko jaribu Journey into Space ya Charles Chilton, 1953.

Mwisho, kama shauku itakupeleka kwenye redio ya zamani yenyewe ya vali, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, tahadhari moja ni ya uhai. Redio ndogo za mezani za Marekani za vali tano, zenye namba 12SA7, 12SK7, 12SQ7, 50L6 na 35Z5, hazina transfoma. Nyuzi za vali zimeungwa mfululizo hadi zifikie volti 120 hivi za umeme wa huko, na fremu ya chuma ndani inaweza kuwa na umeme wa ukutani moja kwa moja. Kitufe kilichovunjika kikiacha skrubu wazi, skrubu hiyo inaweza kukuua. Usiichomeke kabla fundi hajabadilisha kapasita za karatasi na za elektroliti, na majaribio yafanyike kupitia transfoma ya kutenganisha, na balbu ya nyuzi ya wati 40 au 60 ikiwa imeungwa mfululizo: ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani, zima. Kuilisha sauti, tumia kirusha mawimbi kidogo cha AM. Sheria ya Marekani, kwa mfano, inaruhusu bila leseni nguvu ya miliwati 100, na antena, waya wake na waya wa ardhini visizidi mita 3 kwa jumla. Kwingineko uliza mamlaka ya mawasiliano kwanza. Chagua masafa ya kurushia usiku, si mchana, kwa sababu giza likiingia vituo vya mbali hufika kwa kuruka angani na masafa uliyodhani matupu saa tisa alasiri yanaweza kuwa na kituo kizima saa mbili usiku.